Agner Krarup Erlang: Mwalimu aliyeifundisha dunia kugawana laini za simu

Na Mwandishi Wetu

STESHENI ya Kisaki, iliyoko kusini mwa safu ya Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, inajua maana ya kusubiri zamu. Reli ya TAZARA inayopita hapo ni ya njia moja, na treni mbili zinazoelekeana haziwezi kupishana popote zinapotaka. Moja huingia kwenye njia ya pembeni ikasubiri, nyingine ikapita.

Kanuni kama hiyo inatawala pia hewani, ingawa haionekani kwa macho. Masafa ya simu ni machache na wenye kuyahitaji ni wengi. Kila anayepiga simu au kufungua intaneti, awe Kisaki au Kariakoo, anaingia katika ugawaji uliokwisha kukokotolewa kabla hajagusa simu yake.

Aliyeweka msingi wa hesabu hizo ni Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefariki dunia mwaka 1929, miongo mingi kabla ya simu ya mkononi kuingia sokoni. Wahandisi wa simu duniani kote wanalitaja jina lake kazini, kwa sababu wamelifanya kuwa kipimo, kama vile kilo ilivyo kipimo cha uzito na lita kipimo cha maji.

Wateja wanaolalamika kwamba mtandao unasumbua, kwa upande wao, ni wachache wanaolifahamu. Hata hivyo, maisha ya mtu huyo mkimya yanaeleza mengi kuhusu sababu za simu kukatika, intaneti kujikokota, na kijiji kidogo kugharimu zaidi kuliko mji mkubwa pale kinapotaka kupata huduma ya ubora uleule.

Mtoto wa mwalimu

Erlang alizaliwa Januari 1, 1878, katika kijiji cha Lønborg, karibu na mji mdogo wa Tarm kwenye rasi ya Jutland, magharibi mwa Denmark. Baba yake, Hans Nielsen Erlang, alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji na karani wa parokia.

Mama yake, Magdalene Krarup, alitoka katika ukoo wa watu wa kanisa. Miongoni mwa mababu wa ukoo huo alikuwemo Thomas Fincke, mwanahisabati wa karne ya 16 na 17 aliyeacha jina katika historia ya somo la pembetatu.

Agner alisoma katika shule ya baba yake pamoja na kaka yake Frederik, aliyemzidi umri kwa miaka miwili. Nyumbani hapo palikuwa pia na dada wawili, Marie na Ingeborg.

Inasimuliwa kwamba jioni ndugu hao wawili walisoma kitabu kimoja. Frederik alikishika kwa namna ya kawaida, naye Agner alikaa upande wa pili wa meza na kukisoma kikiwa kimegeuka juu chini. Kitabu kilikuwa kimoja, wasomaji wawili, na hakuna aliyemsubiri mwenzake.

Somo alilolipenda zaidi lilikuwa elimu ya nyota, na alikuwa akitunga mashairi kuhusu sayari na anga. Akiwa na umri wa miaka 14 alifanya mtihani wa awali wa Chuo Kikuu cha Copenhagen na kufaulu kwa sifa. Ilibidi apewe kibali maalumu, kwa kuwa umri wake ulikuwa bado mdogo kuliko ule uliotakiwa.

Baada ya mtihani huo hakwenda moja kwa moja chuoni. Alirudi kijijini na kumsaidia baba yake kufundisha kwa miaka miwili, huku akijifunza Kifaransa na Kilatini.

Familia haikuwa na uwezo mkubwa wa fedha. Ndugu wa mbali aliyeishi Hillerød alijitolea kumpa malazi na chakula bila malipo, na akiwa huko alijiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu. Aliufaulu kwa sifa mwaka 1896 na kupata ufadhili wa masomo.

Alihitimu shahada ya uzamili mwaka 1901. Somo lake kuu lilikuwa hisabati, likifuatiwa na elimu ya nyota, fizikia na kemia.

Miaka saba darasani

Baada ya kuhitimu, Erlang alirudi katika kazi ya baba yake. Kuanzia mwaka 1901 hadi 1908 alifundisha katika shule mbalimbali, na waliomfahamu walimhesabu kuwa mwalimu mwenye kipaji, ingawa moyo wake ulielekea zaidi kwenye utafiti.

Hakuwa mtu wa makundi. Alipenda kutazama na kusikiliza kuliko kusema, na alipozungumza alitumia maneno machache yaliyopimwa. Rafiki zake walimpa jina la utani lenye maana ya mtu wa faragha.

Likizo zake alizitumia kusafiri Ufaransa, Sweden, Ujerumani na Uingereza, ambako alitembelea maktaba na majumba ya sanaa. Mwaka 1904 alitunukiwa heshima ya chuo kikuu kwa andiko lake la kujibu swali la mashindano lililohusu kazi za mwanasayansi wa Uholanzi, Christiaan Huygens.

Mahali pekee alipoonekana mara kwa mara kati ya watu ni katika mikutano ya Chama cha Wanahisabati cha Denmark. Huko alikutana na Johan Jensen, mwanahisabati mashuhuri ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa uhandisi katika Kampuni ya Simu ya Copenhagen.

Jensen alimkutanisha na mkurugenzi wa kampuni hiyo, Fritz Johannsen. Mkurugenzi huyo alikuwa na tatizo la biashara ambalo mwenyewe alishaanza kulishughulikia kwa kutumia hesabu za uwezekano, na alihitaji mtu wa kulimaliza.

Mwaka 1908 Erlang aliacha chaki na kujiunga na kampuni hiyo akiwa mtafiti, na baadaye kiongozi wa maabara yake. Wakati huo reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ifike Morogoro mjini, mwaka 1907.

Tatizo la mkurugenzi

Simu za enzi hizo ziliunganishwa kwa mikono. Mteja aliinua simu yake, mhudumu aliyekaa mbele ya ubao wa kuunganishia akaitika, akauliza anatakiwa nani, kisha akachomeka waya kwenye tundu la laini ya huyo aliyetakiwa.

Swali la Johannsen lilikuwa rahisi kulitaja na gumu kulijibu. Ni laini ngapi zinatosha, na ni wahudumu wangapi wanatosha?

Kampuni ikiweka laini moja kwa kila mteja, itafilisika. Ikiweka chache mno, wateja watapiga simu bila kupata, watakasirika, na wengine watarudisha simu zao. Kati ya hasara hizo mbili lazima pawepo idadi inayofaa, lakini hakuna aliyejua namna ya kuipata isipokuwa kwa kubahatisha.

Ugumu wake ni kwamba hakuna anayejua mteja fulani atapiga simu saa ngapi wala atazungumza kwa muda gani. Wengi waliona kwamba jambo lisilotabirika namna hiyo haliwezi kuwekewa kanuni.

Erlang alikuwa na mawazo tofauti. Mwaka 1909 alichapisha andiko lililohusu nadharia ya uwezekano na mazungumzo ya simu. Ndani yake alionyesha kwamba simu nyingi zinazopigwa na watu wasiojuana, kila mmoja kwa wakati wake, hufuata mpangilio uliokwisha kuelezwa katika karne iliyotangulia na Mfaransa Siméon Denis Poisson.

Maana yake ni kwamba mtu mmoja hatabiriki, lakini umati unatabirika. Meneja hawezi kujua nani atapiga simu saa nne kamili asubuhi, lakini anaweza kujua kwa kiasi gani anapaswa kutarajia simu 10, au 20, katika dakika moja.

Andiko hilohilo lilianza pia kushughulikia muda ambao mtu atasubiri pale laini inapokuwa na kazi. Huo ndio mwanzo wa taaluma ambayo leo inaitwa nadharia ya foleni, inayotumika katika benki, hospitali, bandari na viwanja vya ndege.

Ngazi katika mitaa ya Copenhagen

Hesabu hazikuwa kazi yake pekee. Maabara aliyoikuta haikuwa na wafanyakazi wa kumsaidia, na kampuni ilitaka ajue umeme unaopotea ardhini unaathiri vipi nyaya za simu.

Kwa hiyo mwanahisabati huyo alionekana mara nyingi akipita katika mitaa ya Copenhagen akifuatana na kibarua aliyebeba ngazi. Walipofika penye shimo la nyaya walishusha ngazi, naye Erlang akateremka mwenyewe kwenda kupima.

Alitengeneza pia majedwali ya hesabu za logi na kuboresha vifaa vya kupimia mkondo geu wa umeme katika nyaya. Hata hivyo kazi iliyomletea jina ilikuja mwaka 1917, wakati Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki zikiwa katika Vita Kuu ya Kwanza.

Denmark haikuingia vitani. Kisaki iliguswa moja kwa moja: Septemba 1916 majeshi ya Jenerali Jan Smuts, yaliyozunguka Milima ya Uluguru pande zote mbili, yalipambana hapo na kikosi cha Paul von Lettow-Vorbeck na kurudishwa nyuma.

Katika utulivu wa Copenhagen, Erlang alichapisha suluhisho la matatizo ya uwezekano katika vituo vya simu vinavyojiendesha vyenyewe bila wahudumu. Ndani yake mlikuwa na kanuni mbili ambazo wahandisi wanaziita Erlang B na Erlang C.

Kanuni ya kwanza inajibu swali hili: laini zote zikiwa na watu, na anayepiga akakataliwa papo hapo, ni simu ngapi kati ya 100 zitakataliwa? Ya pili inahusu hali ambapo anayepiga hakataliwi bali anawekwa kwenye foleni, na inaeleza ni wangapi watasubiri na kwa muda gani.

Namna hesabu inavyofanya kazi

Kipimo chenyewe ni chepesi. Laini moja inayotumika mfululizo kwa saa nzima inabeba erlang moja. Watu wakipiga simu 60 katika saa moja, na kila moja ikachukua dakika mbili, jumla ni dakika 120, yaani erlang mbili.

Mtu asiyejua kanuni hiyo atasema kwamba erlang mbili zinahitaji laini mbili. Angekuwa sahihi kama watu wangepanga mstari na kupiga mmoja baada ya mwingine. Lakini watu hawapigi hivyo. Mara wanakuja watano kwa pamoja, mara hakuna hata mmoja.

Kanuni ya Erlang inaonyesha kwamba kwa laini mbili, simu 40 kati ya kila 100 zitakataliwa. Zikiwekwa laini tano, zitakazokataliwa zinashuka hadi karibu nne kati ya 100. Zikiwa sita, ni takriban moja tu.

Hapo ndipo neno ubora wa huduma lilipopata uzito. Kabla yake, kampuni iliweza kuahidi huduma nzuri bila mtu kujua uzuri huo ni kiasi gani. Baada yake, ahadi iliweza kuandikwa kwa tarakimu, na mwenye kuitoa akaulizwa kwa nini hakuitimiza.

Idara ya Posta ya Uingereza, iliyokuwa ikiendesha simu za nchi hiyo, iliikubali kanuni yake na kuitumia. Inasimuliwa pia kwamba mtafiti mmoja wa maabara za Bell nchini Marekani alijifunza Kidenmark kwa ajili ya kuyasoma maandiko ya Erlang katika lugha yake ya asili.

Kwa nini kijiji kinaumia

Ndani ya kanuni hiyo mna jambo jingine, linalogusa moja kwa moja maeneo kama Kisaki. Wengi wakichangia hazina moja, kila mmoja anahudumiwa vizuri zaidi kuliko pale wachache wanapotengewa sehemu yao.

Mfano ni vijiji viwili, kila kimoja kikiwa na erlang mbili za simu na laini tano. Kila kijiji kitapoteza karibu simu nne kati ya 100. Laini hizo zikiunganishwa kuwa 10 zinazotumiwa na vijiji vyote viwili, bila kuongeza hata moja, simu itakayopotea ni takriban moja kati ya 190.

Sababu yake ni kwamba msongamano wa kijiji kimoja mara nyingi hauji wakati uleule na wa kijiji cha pili. Laini iliyolala upande mmoja inamsaidia aliyekwama upande mwingine.

Kanuni hiyo ikigeuzwa, inakuwa habari mbaya kwa wanaoishi mbali. Katika simu za GSM, wimbi moja la redio hugawanywa katika nafasi nane za muda. Mnara mdogo wenye wimbi moja kwa kawaida hutenga nafasi moja kwa ajili ya kuendeshea mtandao, na zinabaki saba kwa mazungumzo.

Kwa kiwango cha kukataa simu mbili kati ya 100, ambacho wahandisi wengi wamekitumia katika kupanga mitandao, nafasi hizo saba zinabeba erlang zipatazo 2.9 tu. Hizo ni kama simu 88 za dakika mbili kwa saa.

Mjini, nafasi 100 zilizo katika hazina moja zinabeba erlang 88 kwa kiwango kilekile cha ubora, sawa na simu 2,640 kwa saa. Nafasi zimeongezeka mara 14, lakini simu zimeongezeka mara 30.

Kwa maneno mengine, kila nafasi ya mjini inafanya kazi dakika zipatazo 52 kwa saa, na ya kijijini dakika zipatazo 25. Mwanakijiji anapopewa ubora sawa na wa mjini, anahitaji takriban mara mbili ya vifaa kwa kila simu inayopigwa, na kila kifaa kinaingiza nusu ya mapato.

Juu ya hesabu hiyo kuna gharama za barabara, umeme na milima. Uluguru ina vilele vinavyozidi mita 2,600, na mawimbi ya redio hayapiti ndani ya mlima.

Ndiyo maana nchi nyingi hazikuliacha jambo hili kwa soko peke yake. Tanzania ilitunga sheria mwaka 2006 ya kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaotoa ruzuku ili kampuni zifikishe huduma mahali ambapo biashara pekee isingezipeleka. Erlang hakuandika neno lolote kuhusu ruzuku, lakini hesabu yake inaonyesha kwamba pengo hilo haliletwi na uzembe peke yake wala halitazibika lenyewe.

Mtu wa faragha

Erlang hakuoa. Muda wake wote aliutoa kwa kazi na masomo, na mara nyingi alifanya kazi hadi usiku wa manane.

Alikusanya maktaba kubwa ya vitabu vya hisabati, elimu ya nyota na fizikia, pamoja na vya historia, falsafa na mashairi. Waliomwendea kwa maswali walipata majibu bila majivuno.

Alijulikana pia kwa ukarimu. Watu wenye shida walimfuata hadi maabara, naye kwa kawaida aliwasaidia kimyakimya, bila kutaka wengine wajue.

Kwa karibu miaka 20 aliyofanya kazi katika kampuni hiyo, hakukosa kazini kwa sababu ya ugonjwa. Januari 1929 alilazwa hospitali kwa upasuaji wa tumbo, na Februari 3 mwaka huo akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 51.

Hakuona jina lake likiwa kipimo. Heshima hiyo ilikuja Oktoba 1946, pale kamati ya kimataifa ya mashauriano ya simu ilipokutana Montreux, Uswisi, na kukubali kuliita erlang kuwa jina la kipimo cha wingi wa mawasiliano. Mwaka 1948 maandiko yake yalikusanywa na kuchapishwa Copenhagen pamoja na historia ya maisha yake.

Miaka ya 1980 wahandisi wa kampuni ya Ericsson ya Sweden walibuni lugha ya programu za kompyuta kwa ajili ya mitambo ya simu na kuiita Erlang. Lugha hiyo ndiyo iliyojengea mitambo ya WhatsApp, huduma iliyoanzishwa mwaka 2009, hivyo jina la mwalimu wa Lønborg limo pia katika safari ya ujumbe unaotumwa kutoka simu za Watanzania.

Kutoka laini hadi intaneti ya kasi

Intaneti iliingia na tabia zisizofanana na za simu ya Copenhagen. Data haishiki laini moja mwanzo hadi mwisho. Inakatwa katika pakiti ndogondogo ambazo kila moja inaweza kusubiri, kuchelewa au kupotea.

Katika miaka ya 1960 Leonard Kleinrock wa Marekani aliichukua nadharia ya foleni na kuitumia kwa mitandao ya pakiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wengine wa nchi hiyo walipima mitandao ya kompyuta na kukuta kwamba pakiti huja kwa mafuriko ambayo mpangilio wa Poisson haukuyatabiri. Hesabu ya mwaka 1909 ilihitaji kuongezewa nyingine.

Hata hivyo swali la msingi halikubadilika. Kebo ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam Julai 2009, ilileta uwezo mkubwa kutoka ng'ambo, lakini kipande cha mwisho kutoka mnarani hadi kwenye simu kilibaki kuwa hewa inayogawanywa.

Sehemu ya mtambo wa mnara inayofanya ugawaji huo ni mpangaji wa zamu. Katika mitandao ya 4G, mpangaji huyo anaamua upya kila milisekunde, yaani mara 1,000 kwa sekunde, nani apewe vipande vya masafa vilivyopo. Masafa yenye upana wa megahezi 20 yana vipande 100, na wateja wa mnara huo wote wanagawana hivyo.

Akimpa kila mmoja kwa zamu iliyo sawa, masafa yatapotea kwa wale walio mbali na mnara ambao simu zao zinapokea kwa shida. Akiwapa walio karibu tu, jumla ya data itakuwa kubwa, lakini aliye nyuma ya kilima hatapata kitu.

Njia inayotumika sana iko katikati. Mpangaji anaangalia hali ya mawimbi ya mteja wakati huo na kuilinganisha na kiasi alichokwisha kupata hivi karibuni. Aliyekosa kwa muda mrefu anapanda ngazi, na anapewa zamu pale mawimbi yake yanapokuwa mazuri kuliko kawaida yake.

Juu ya hapo kuna madaraja. Viwango vya WiMAX vya mwaka 2004 vilitaja manne: mazungumzo yanayohitaji nafasi ya kudumu, picha za video zinazokwenda kwa wakati, mafaili yanayohitaji kasi fulani lakini yanaweza kusubiri, na mengineyo yanayopata kilichobaki.

4G iliendeleza mtindo huohuo. Sauti ya mazungumzo inapewa muda usiozidi milisekunde 100 kuvuka mtandao, ilhali video inayopakuliwa kabla ya kutazamwa inaweza kusubiri milisekunde 300. Anayezungumza na daktari asikatwe na anayeshusha muziki.

Ugawaji huo unafanyika bila mteja kuuona, na ndiyo sababu unahitaji kusimamiwa. Anayeamua nani asubiri anashika madaraka makubwa, hata kama ni mtambo. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, imepewa jukumu la kusimamia ubora wa huduma, na kazi hiyo haiwezekani pasipo tarakimu za aina ileile aliyoianzisha Erlang: ni simu ngapi zimekataliwa, ngapi zimekatika, na data imesubiri kwa muda gani.

Mtoto wa mwalimu wa kijiji hakuahidi kwamba hakuna atakayesubiri. Alionyesha kwamba kusubiri kunaweza kuhesabiwa, na kinachohesabiwa kinaweza kudaiwa.

Katika stesheni ya Kisaki, treni iliyo kwenye njia ya pembeni haikai hapo kwa bahati mbaya. Imepangiwa, na anayeipanga anajua itaondoka lini. Mteja wa simu anayesubiri mtandao chini ya Milima ya Uluguru anastahili kupangiwa kwa uhakika kama huo.